Zimwi, Mashine na Mtu: Sababu na Hiari katika Uumbaji wa Wahusika wa Hadithi Fupi ya Nchi ya Chai

Utangulizi

Katika uhakiki wa hadithi fupi ya Kiswahili, neno "kusadikika" hutumiwa mara nyingi kama sifa ya ufundi tu. Mhusika husemwa kuwa anasadikika pale mwenendo wake unapofanana na mwenendo wa watu ambao msomaji amewahi kukutana nao, na husemwa kuwa hasadikiki pale anapotenda jambo ambalo hadithi haikumwandaa kulitenda. Makala haya yanadai kwamba suala hili ni la kimaadili kabla halijawa la kiufundi. Namna mwandishi anavyomuumba mhusika ndiyo inayoamua iwapo mhusika huyo anaweza kulaumiwa, kusifiwa au kuhurumiwa. Hadithi inayomtaka msomaji atoe hukumu juu ya mtu, kisha ikamwekea mbele kitu kisichokuwa mtu, huwa imeivuruga hukumu yenyewe.

Dai hili litachunguzwa kwa kurejelea eneo mahususi, yaani nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo swali la nani mwenye hatia limeulizwa mara nyingi na kwa uzito mkubwa. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine za nchi walishambuliwa katika makazi ya mashamba ya chai na wengi wakalazimika kukimbia. Mnamo Februari 2023, shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba walidhulumiwa kijinsia na wasimamizi wao katika mashamba yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza. Mwezi Mei mwaka huohuo, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai wakidai kwamba zimewanyang'anya watu kazi. Mwandishi wa hadithi fupi anayeyakabili mambo haya hawezi kulikwepa swali la hatia. Linalobaki ni kuuliza ni mhusika wa aina gani anayeweza kuubeba uzito wa swali hilo.

Mhusika na Mizani

Tangu Forster (1927) alipotenga aina mbili za wahusika katika riwaya, wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuzungumzia wahusika bapa na wahusika duara. Baadhi yao wameongeza aina ya tatu, yaani mhusika shinda, ambaye hakujaa wala hakubaki mtupu. Istilahi hii ya tatu ina manufaa kwa mjadala huu kwa kuwa imetokana na chombo cha kupimia. Chombo kilicho shinda ni kile ambacho kilichomo ndani yake kimefika mahali fulani tu. Ndivyo lilivyo pia kapu la mchumaji chai wakati wa adhuhuri.

Kazi ya kuchuma chai kwa mkono inaeleweka kwa urahisi hata na mtu ambaye hajapata kufika Kericho. Mchumaji huingia shambani asubuhi umande ukiwa bado mzito, akavaa vazi la plastiki ili asilowe na asichunwe na matawi, akatafuta kwa vidole vyake majani mawili na chipukizi, akatupa mkono wa majani nyuma ya bega hadi kapuni. Majani hayo hayalali: ni lazima yapimwe na kufikishwa kiwandani siku hiyohiyo, kwani yakichelewa huharibika. Katika mashamba makubwa, mshahara wa mchumaji hutegemea kilo. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake Kapkoros, Tirgaga au Litein naye husubiri karani katika kituo cha kununulia majani, akiangalia mkono wa mizani kwa jicho lile lile. Mwisho wa siku, mtu mzima mwenye historia, madeni, imani na chuki zake huwa ameandikwa katika daftari kama tarakimu moja.

Tarakimu hiyo ina uhalali wake katika daftari la karani. Hakuna anayemtarajia karani aandike kwamba fulani alichuma kilo 28 akiwa na mtoto mgonjwa. Tatizo huanza pale mwandishi wa hadithi anapofanya kazi ya karani. Hadithi inayomleta mchumaji kama maumivu matupu, na msimamizi kama ukatili mtupu, imempima kila mmoja wao kwa sifa moja na kuandika matokeo. Huenda mwandishi ana nia njema kupita kiasi cha kawaida. Huenda ameandika kwa hasira ya haki. Hata hivyo, amerudia mbele ya msomaji kitendo kilekile ambacho hadithi yake inakilalamikia, kwa kuwa amemwangalia binadamu na kuona kipimo.

Zimwi Halina Hatia

Ichukuliwe hadithi ya mfano, isiyo ya mwandishi yeyote. Mchumaji mmoja, mwanamke aliyetoka Bomet, anarudi mizanini jioni baada ya mvua. Msimamizi anamkata kilo nne kwa kisingizio kwamba majani yake yamejaa maji. Anapolalamika, anaambiwa kwa sauti ya chini kwamba kilo hizo zinaweza kurudi iwapo atapita nyumbani kwa msimamizi usiku. Hadithi inasimulia kwamba msimamizi huyo ana macho mekundu, kicheko cha kuchukiza na tumbo lililotangulia; kwamba amekuwa hivyo tangu ujanani; na kwamba huwafanyia wanawake wote vivyo hivyo. Mchumaji analia, anakataa, anafukuzwa kazi. Hadithi inakwisha.

Msomaji wa hadithi hiyo atachukia, na kuchukia huko kutakuwa kwa haki. Lakini anachokichukia ni nini? Katika ngano za Wakalenjin yumo chemosit, kiumbe wa kutisha anayewawinda watu gizani. Katika ngano za Waswahili limo zimwi lenye kula watu. Hakuna msikilizaji wa ngano anayelishitaki zimwi kwa kula watu. Kula watu ndiyo tabia yake, kama ilivyo tabia ya mvua ya mawe ya Kericho kuyatoboa majani ya chai. Zimwi huogopwa, hukimbiwa, hutegewa mtego na huuawa, halilaumiwi. Lawama hudai kwamba mlaumiwa angeweza kutenda vingine, na zimwi haliwezi.

Hivyo basi, mwandishi aliyemuumba msimamizi kama zimwi amemfanyia msimamizi huyo hisani ambayo hakuikusudia. Amemwondolea hatia. Zaidi ya hayo, amewapa wasimamizi wa kweli mahali pa kujificha. Msomaji aliye msimamizi, mwenye kicheko cha kawaida na tumbo la kawaida, mwenye kuwalipia watoto wake karo na kuhudhuria ibada kila Jumapili, ataisoma hadithi hiyo na kuiweka chini kwa amani, kwa kuwa hakujiona humo.

Kasoro hii si ya eneo hili pekee. Riwaya ya Mulk Raj Anand kuhusu mashamba ya chai ya Assam, *Two Leaves and a Bud* (1937), inamweka mfanyakazi Gangu mbele ya mzungu aitwaye Reggie Hunt, ambaye anamuua na hatimaye anaachiliwa na baraza ambalo wengi wa wajumbe wake ni wazungu wenzake. Lengo la Anand ni kuishitaki mahakama ya kikoloni, na ni lengo lenye nguvu. Lakini Hunt amechorwa kama mtu aliyetawaliwa na ulevi na tamaa kiasi kwamba kosa la baraza linaonekana dogo kuliko lilivyokuwa. Kumwachilia mtu aliyejua alichokuwa akikifanya ni uovu mzito kuliko kumwachilia mnyama.

Mashine Nayo Haina Hatia

Mwandishi makini akiambiwa haya hukimbilia upande wa pili. Anampa msimamizi sababu. Anaeleza kwamba msimamizi mwenyewe alikuwa mchumaji kwa miaka mingi. Kwamba naye ana kiwango cha kilo anachodaiwa na wakubwa wake. Kwamba kikosi chake kikishindwa kukifikia atarudishwa kapuni. Kwamba mashine za kuchuma zimeletwa katika shamba la jirani na kila mtu anahesabu siku. Kwamba alikulia katika nyumba ambamo mwanamke hakusikilizwa. Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mwandishi huyu ameamua kuonyesha nywele za msimamizi moja baada ya nyingine.

Hii ni hatua kubwa mbele, na ndiyo ambayo walimu wengi wa utunzi huipendekeza. Mhusika sasa anaeleweka. Hata hivyo, kuna hatari ambayo haikuwepo mwanzoni. Sababu zikipangwa vizuri, moja ikisukuma nyingine, mwisho wake msimamizi huonekana kama gurudumu: kampuni imemsukuma, kiwango kimemsukuma, malezi yamemsukuma, naye amemsukuma mchumaji. Msomaji hutikisa kichwa na kusema kwamba ndivyo dunia ilivyo. Mashine iliyochukua kazi ya wachumaji mia haikosi adabu, inafanya ilichoundiwa. Waliozichoma mashine hizo mwaka 2023 hawakuwa wakiziadhibu. Walikuwa wakiwapelekea ujumbe watu walioziagiza.

Hapa ndipo penye wasiwasi ambao mara nyingi huwazuia waandishi wa Kiafrika kumpa mdhulumu moyo. Huulizwa: je, kumwelewa mdhulumu si kumtetea? Je, mwanamke aliyenyamazishwa kwa miaka mingi atafaidika nini iwapo fasihi, baada ya kumpata mdhulumu wake, itaanza kusimulia utoto wa mdhulumu huyo? Wasiwasi huu ni wa haki na haupaswi kujibiwa haraka kwa kusema kwamba sanaa haina mipaka. Jibu lake linapatikana katika kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kawaida huyachanganya, yaani sababu na udhuru. Sababu hueleza kilichomsukuma mtu. Udhuru hudai kwamba msukumo huo haukuacha nafasi yoyote. Hadithi inaweza kutoa sababu zote bila kutoa udhuru hata mmoja, mradi imeonyesha nafasi iliyobaki.

Nafasi Iliyobaki

Aristotle aliliona jambo hili zamani. Katika maandishi yake juu ya ushairi, anaeleza kwamba tabia ya mhusika ni kile kinachodhihirisha uchaguzi wake, yaani anachokitaka au kukiepuka pale ambapo jambo haliko wazi. Na kwamba maneno ambayo msemaji wake hachagui wala haepuki kitu hayana tabia ndani yake. Katika maandishi yake juu ya maadili, anatoa mfano wa nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna nahodha anayependa kutupa mali, hivyo tendo hilo lina shuruti ndani yake. Lakini mkono uliotupa ni wake, na uamuzi ulikuwa wake, hivyo tendo hilo lina hiari pia. Aristotle huliita tendo la mchanganyiko.

Takriban kila tendo la msimamizi wa shamba la chai ni la mchanganyiko wa namna hiyo. Dhoruba ya viwango na hofu ya kupoteza kazi ni ya kweli. Mwandishi anachopaswa kuuliza ni shehena ya nani iliyotupwa. Nahodha anayetupa mizigo ya abiria maskini na kuiacha yake mwenyewe salama ghalani ameeleza tabia yake kwa ukamilifu, na dhoruba haimtetei tena.

Hadithi ya mfano inaweza sasa kuandikwa kwa mara ya tatu, na mabadiliko yanayohitajika ni madogo. Msimamizi abaki na sababu zake zote. Iongezwe sentensi moja tu: kwamba jana yake mvua ilinyesha vilevile, na mzee mmoja anayesali naye kanisa moja alileta majani yaliyolowa vilevile, naye msimamizi akaandika kilo zote bila kukata hata moja. Sentensi hiyo haimwiti msimamizi mwovu. Haitaji macho yake wala kicheko chake. Inaonyesha tu kwamba kulikuwa na njia nyingine, kwamba aliijua, na kwamba alikwisha kuipita akiwa na kalamu ileile mkononi. Kuanzia hapo, msimamizi ni mtu, na kwa kuwa ni mtu, ana hatia. Kusadikika kwake hakukumpunguzia lawama. Ndiko kulikoiwezesha lawama kumfikia.

Mfano uliokamilika wa jambo hili unapatikana katika hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, "Minutes of Glory", iliyomo katika mkusanyiko *Secret Lives* (1975). Beatrice, ambaye jina lake la nyumbani ni Wanjiru, ni mhudumu wa baa asiyetazamwa na mtu. Mwenye lori mmoja humjia mara kwa mara na kumsimulia shida zake. Siku moja Beatrice anajikaza na kuanza kusimulia maisha yake mwenyewe. Anapotazama, mwanamume amelala usingizi. Beatrice anamwibia fedha zake, anajinunulia mavazi Nairobi, anarudi baa kung'ara kwa muda mfupi, kisha anakamatwa. Ngũgĩ hafichi kwamba wizi ni wizi. Beatrice angeweza kutoiba. Lakini usingizi wa yule mwanamume umewekwa mahali ambapo msomaji hawezi kuupita bila kuuona, na msomaji hulazimika kushikilia mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba Beatrice amekosa, na kwamba yeye amekosewa. Mwenye lori naye hakuchorwa kama zimwi. Kosa lake ni la mtu wa kawaida kabisa: alitaka kusikilizwa bila kusikiliza.

Mkosewa Asiye na Doa

Ikiwa mdhulumu anahitaji hiari ili aweze kulaumiwa, mdhulumiwa naye anaihitaji ili aweze kuheshimiwa. Hadithi nyingi zenye nia njema humchora mwanamke aliyedhulumiwa kama malaika: mpole, mchapa kazi, mcha Mungu, asiyepata kumkosea mtu. Mwandishi huogopa kumpa doa, akidhani kwamba doa hilo litatumiwa dhidi yake. Hofu hiyo haikutoka hewani. Kila anayejua jinsi mashauri ya dhuluma ya kijinsia yanavyosikilizwa vijijini na mahakamani anafahamu kwamba jambo la kwanza linalotafutwa ni doa la mlalamikaji.

Pamoja na hayo, mwandishi anayemwondolea mdhulumiwa kila doa amekubali, bila kujua, sharti la upande wa mdhulumu: kwamba haki ni ya wasafi pekee. Hapa maana mbili za kusadiki zinakutana. Katika uhakiki, mhusika "husadikika". Mbele ya wazee, polisi au mwajiri, mlalamikaji "husadikiwa" au hunyimwa kusadikiwa. Msomaji aliyezoeshwa na hadithi kumsadiki malaika peke yake atashindwa kumsadiki jirani yake, kwa kuwa jirani si malaika. Kinyume chake, msomaji aliyefundishwa na hadithi kwamba mwanamke aliyewahi kusema uongo kuhusu kilo zake, au aliyewahi kunyamaza mwenzake alipodhulumiwa kwa kuwa alitaka kupewa kazi nyepesi, bado hastahili hata chembe ya alichotendewa, amejifunza jambo litakalomfaa nje ya kitabu.

Hadithi "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, iliyomo katika *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* (2016), inalitazama suala hili kutoka upande mwingine. Sara, msichana wa shule, anabakwa na kupata mimba. Mbakaji mwenyewe anabaki kuwa kivuli kisicho na sura, na kwa mujibu wa hoja ya makala haya mtu angetarajia kwamba hiyo ni kasoro. Sivyo, kwa kuwa uzito wa hadithi hauko kwake. Uko katika hukumu ambazo Sara anazitarajia kutoka kwa baba, mwalimu na jamii. Akilini mwake anawaona wakimfukuza na kumdharau, yaani amewafanya mashine za mila ambazo zikibonyezwa hutoa jibu moja. Mwishoni watu aliowaogopa wanamjia kwa huruma. Wanasadikika kwa sababu walikuwa na njia mbili na wakachagua moja, na msomaji anabaki na fikira kwamba katika nyumba nyingine wangeweza kuichagua ile nyingine.

Umati

Mtihani mgumu zaidi kwa mwandishi wa nchi ya chai ni umati. Matukio ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 yalitendwa na watu wengi kwa pamoja, baadhi yao wakiwa majirani wa waliotendewa. Baadhi ya waathiriwa waliifungulia Unilever kesi London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani huko iliamua kwamba kesi hiyo isingeendelea. Sheria ilikuwa na maswali yake kuhusu kampuni na mamlaka ya mahakama. Swali la fasihi ni jingine: ni nani aliyekuwemo katika umati ule?

Umati katika hadithi fupi huelekea kuwa zimwi lenye miguu mingi. Unanguruma, unachoma, unapita. Au huelekea kuwa mashine: historia ya ardhi iliyonyang'anywa inaelezwa, wanasiasa wanatajwa, na moto unawaka kama matokeo ya hesabu. Historia hiyo ni ya kweli na mwandishi asiyeitaja ameficha sababu. Kumbukumbu ya ardhi na ya uhamisho wa 1934 haijafutika. Lakini mchumaji kutoka Kisii ambaye nyumba yake ilichomwa hakuunyang'anya ukoo wowote ardhi, na kijana aliyeshika kiberiti alilijua jina lake. Hadithi fupi haiwezi kubeba umati mzima. Inaweza kumbeba kijana huyo mmoja, na dakika moja aliyosimama mlangoni pa mtu aliyewahi kumgawia unga. Akiondoka bila kuwasha, umati haukuwa mashine. Akiwasha, vilevile haukuwa mashine.

Ufinyu wa Hadithi Fupi

Inaweza kudaiwa kwamba yote haya yanahitaji riwaya, na kwamba hadithi fupi haina nafasi ya kuonyesha sababu na hiari za kila mhusika. Dai hilo linachanganya wingi wa maelezo na uzito wake. Sentensi moja kuhusu majani ya yule mzee ilitosha. Hadithi fupi haihitaji wasifu wa mhusika. Inahitaji tendo moja lililowekwa kando ya tendo jingine ili tofauti yake ionekane.

Nchi ya chai inampa mwandishi nyenzo nyingi za namna hiyo, na lugha ni mojawapo. Katika kambi za mashamba makubwa wanaishi Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya na wengine, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Msimamizi anayezungumza Kiswahili mbele ya wachumaji wawili, kisha akageukia Kikipsigis ili mmoja tu aelewe kwamba kesho kazi itapunguzwa, ametenda jambo zito bila kuinua mkono. Mwandishi hana haja ya kuyaandika maneno hayo kwa Kikipsigis. Inatosha kusema kwamba lugha ilibadilika, na nani aliyebaki nje.

Jina ni nyenzo nyingine. Shaaban Robert, katika *Kusadikika* (1951), alimwita mshitakiwa wake Karama na mshitaki wake Majivuno, na kwa majina hayo alikwisha kueleza tabia zao kabla hawajafungua kinywa. Majina ya Kikipsigis hufanya kazi tofauti. Chepkoech amezaliwa alfajiri, Kiplang'at jioni, Cherotich wakati ng'ombe wanarudi nyumbani. Jina linaeleza hali ya ulimwengu siku mtu alipofika, na linanyamaza kuhusu atakachokuwa. Mwandishi anayejifunza kutokana na desturi hiyo atampa mhusika wake mazingira kwa ukamilifu, na kuiacha tabia ijitokeze katika uchaguzi.

Pingamizi la Fumbo

Limebaki pingamizi moja kubwa. Fasihi ya Kiswahili ina utamaduni mrefu wa fumbo, hurafa na istiara, ambamo wahusika bapa si kasoro. *Kusadikika* yenyewe, licha ya jina lake, imejaa watu ambao ni tabia zilizovishwa nguo, na bado ni kazi inayoheshimika. Katika hadithi "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, jitu linalokula chakula chote katika mkahawa halina utoto, halina mashaka, halina dakika ya kusita. Je, nalo ni kosa?

Jibu ni kwamba fumbo haliombi hukumu ya aina ileile. Jitu lile ni ishara ya ulafi unaotishia kumeza ardhi ya wanyonge, na msomaji haulizwi kama jitu lina hatia. Anaulizwa iwapo Mzee Mago na wenzake watasimama. Hiari imehamishwa ikawekwa kwa wale wanaoishi chini ya kivuli cha jitu, na huko ndiko hadithi inakotazama. Ubapa ni halali pale kinachoonyeshwa ni nguvu. Huwa dhuluma pale kinachoonyeshwa ni mtu, na hasa mtu ambaye wengine wanaofanana naye wapo, wanaishi, na wanaweza kuhukumiwa kwa sura aliyopewa yeye.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mhusika wa hadithi fupi husadikika kimaadili anapopewa vitu viwili kwa pamoja: sababu zilizomsukuma na nafasi iliyobaki baada ya msukumo. Asiye na sababu ni zimwi, na asiye na nafasi ni mashine. Wote wawili wako nje ya lawama na nje ya heshima. Imeonyeshwa pia kwamba hofu ya kumtetea mdhulumu kwa kumwelewa inatokana na kuchanganya sababu na udhuru, na kwamba hamu ya kumsafisha mdhulumiwa inakubali sharti ambalo mdhulumu mwenyewe angelipenda.

Kwa wanafunzi wa utunzi wanaotoka katika nchi ya chai, au wanaokusudia kuiandikia, kuna zoezi linaloweza kufuata kutokana na hoja hizi. Kabla ya kuandika tukio la mizanini, mwandishi ajiulize kila mmoja aliyesimama pale angeweza kufanya nini kingine jioni hiyo, msimamizi, karani, mchumaji, na hata wale waliokuwa nyuma katika foleni wakiangalia makapu yao. Hao wa nyuma husahauliwa mara nyingi. Waliona kilo nne zikikatwa. Walijua mvua ya jana. Na zamu yao ilikuwa inakaribia.